Kura Mbili Zisizopigwa

Tone la maji lilidondoka gizani, likanyamaza, likadondoka tena. Arlys Tveit alilisikiliza akiwa bado amefumba macho. Lilitoka kwenye bomba la sinki, katika chumba cha chini ya nyumba alichopanga mjini Helena, makao ya bunge la jimbo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeliacha lidondoke. Usiku wa baridi kama ule, bomba ukilifunga kabisa maji hugandia humo humo na chuma kikapasuka. Nyumbani kwake, kijijini Kvam, alikuwa akifanya hivyo tangu aolewe. Maadamu tone linasikika, maji yapo. Siku asipolisikia ndipo huruka kitandani kwa hofu.

Saa ilikuwa haijatimia kumi na moja alfajiri. Siku yenyewe ilikuwa ya arobaini na tano ya kikao, siku ya mwisho kwa miswada ya Seneti kuvuka kwenda baraza la pili. Mswada usiovuka siku hiyo umekufa, hauulizwi tena. Na bunge la jimbo lile hukutana siku tisini tu, kisha kila mtu hurudi kwa ng'ombe wake na ngano yake, mpaka miaka miwili ipite. Wengine wangeweza kusema tutajaribu tena. Arlys hakuwa na tena. Sheria ilimruhusu miaka minane baraza la chini na minane ya Seneti, na yote kumi na sita alikuwa anaimaliza. Hiki kilikuwa kikao chake cha mwisho.

Alikuwa ameingia bungeni akiwa mwalimu wa shule ya chumba kimoja, na moyoni hakuwahi kuwa kitu kingine. Wenzake walipigania barabara, maji ya mashamba, visima vya mafuta. Yeye alipigania shule, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka wengine wakawa wakimwona anasimama wanatafuta kalamu zao kama wanafunzi waliochoka. Ni yeye aliyepitisha sheria kwamba mtoto ambaye wazazi hawajalipia chakula asinyang'anywe sahani mbele ya wenzake. Sheria hiyo ilimchukua vikao vitatu, yaani miaka sita. Ni yeye aliyehangaikia majiko mapya katika nyumba za walimu wa mashambani. Mambo madogo. Lakini mtoto mwenyewe ni mdogo, naye hula kwa kijiko kidogo.

Sasa alikuwa na mswada mmoja tu. Sheria ilisema shule yenye watoto chini ya kumi kwa miaka mitatu mfululizo haitapata tena fedha za jimbo. Mswada wa Arlys uliongeza maneno machache: isipokuwa kama shule inayofuata iko zaidi ya maili arobaini. Ni hayo tu. Shule ya Kvam ilikuwa na watoto saba, na huo ulikuwa mwaka wake wa tatu chini ya kumi. Shule inayofuata, ile ya Dunmore, ilikuwa maili hamsini na moja, kwa barabara ambayo upepo wa Januari huifuta kama chaki ubaoni.

Katika wale saba mmoja alikuwa Britta, mjukuu wake, mwenye miaka sita. Mwalimu wao alikuwa Solveig, binti yake. Jambo hilo Arlys alilitangaza mbele ya Seneti nzima siku ya kwanza, kama kanuni inavyotaka, na bado palikuwa na waliopitapita koridoni wakisema yule mama hapiganii shule, anapigania mshahara wa bintiye. Yeye akaendelea na mswada wake.

Wiki iliyopita Solveig alimpigia simu akamwambia Britta ameanza kusoma. Neno la kwanza alilolisoma mwenyewe, bila kuambiwa, lilikuwa lile lililochongwa kwenye ubao juu ya mlango wa shule: Kvam. Alisimama kwenye theluji akionyesha kidole, akalisoma, akalisoma tena, mpaka mama yake akamwingiza ndani kwa nguvu asije akaganda masikio.

Kura alikuwa amezihesabu mpaka zikamchosha. Maseneta ni hamsini. Ishirini na tano walikuwa upande wake, ishirini na tano upande wa pili. Kura zikilingana mswada huanguka. Wiki tatu alikuwa amemtafuta mtu wa ishirini na sita, akambembeleza huyu kwa kahawa na yule kwa keki ya tufaha, na hakumpata.

Simu ikalia.

Iliwaka juu ya kiti kando ya kitanda, na jina likaonekana wazi: Orrin Stadler. Arlys aliliangalia. Orrin alikuwa seneta wa upande wa pili, mfugaji wa miaka sabini na moja, mkubwa wa mikono na mdogo wa maneno. Ndiye aliyeupinga mswada wake kuliko wote, tena kwa hoja, si kwa kejeli. Shule ya kijijini kwake ilifungwa miaka thelathini iliyopita, alisema, na mbingu haikuanguka. Mtoto anahitaji wenzake wa kucheza nao, si binamu zake sita na farasi. Kejeli yake ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya kirafiki. Kila alipokutana na Arlys alinyoosha mkono juu kama mtoto wa darasani, akasema, "Mwalimu, naomba ruhusa ya kutoka nje." Miaka kumi na sita, utani uleule.

Simu ililia mara ya tatu, mara ya nne. Arlys akapokea.

"Mwalimu," ilisema sauti, chini kuliko kawaida yake. "Mwalimu, naomba ruhusa ya kutoka nje."

Akajua kuna jambo.

Mkewe Orrin, Bernadine, alikuwa ameanguka zizini usiku, akiwa anamsaidia ng'ombe kuzaa. Mshipa wa kichwani ulikuwa umepasuka. Walikuwa hospitali mjini Billings, hajafumbua macho, na madaktari walikuwa wanazungumza na Orrin kwa ile sauti ya chini ambayo mtu akishaisikia haisahau. Aliyaeleza hayo pole pole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Asingeweza kufika bungeni leo.

Na hapo, kabla huruma haijafika, furaha ilitangulia. Ilimpita Arlys kifuani kama panya anavyokatiza jikoni: kura ishirini na tano kwa ishirini na nne. Mswada unapita. Ilikuwa nusu ya pumzi tu, lakini aliiona, na uso ukamwaka kwa aibu gizani, peke yake.

"Unajua ninachokuomba," Orrin akasema.

Alijua. Mle bungeni kuna desturi kongwe kuliko mbao za sakafu. Seneta akizuiwa na ugonjwa au msiba, humwomba mmoja wa upande wa pili naye asipige kura yake, ili upande mmoja usinufaike na balaa la mtu. Wawili hao hutia saini karatasi moja, karani huipokea, na kura zao zote mbili hazihesabiwi. Huitwa jozi. Halazimishwi mtu. Asiyetaka husema sitaki, na kanuni haimwulizi kwa nini.

Miaka minane nyuma, mumewe Arlys, Gerhard, alikuwa anakufa kwa saratani, na siku hiyo hiyo ilikuwa inapigwa kura ya maji ya mto, mswada ambao Orrin alikuwa ameuandika kwa mkono wake kwa ajili ya majirani zake wa bondeni. Arlys, aliyekuwa akiupinga, alimpigia simu yeye. Orrin hakuuliza swali, alisema tu nenda, kaa na mumeo. Mswada wake ulianguka kwa kura moja. Kiangazi hicho majirani zake wawili waliuza mifugo yote. Orrin alikuja mazikoni kwa Gerhard, akabeba jeneza upande wa kushoto mbele, na neno la mswada halikumtoka siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Tone likadondoka sinkini.

"Ndiyo, Orrin," Arlys akasema. "Kaa na mkeo."

Alipokata simu alibaki ameketi kitandani mpaka miguu ikafa ganzi.

Solveig alikuwa amewasili jana yake pamoja na Britta na mzazi mmoja, Wade Rostad, ambaye watoto wake watatu walikuwa kwenye wale saba, na ambaye Arlys mwenyewe alimfundisha kuandika jina lake. Walilala kwenye nyumba ya wageni pembezoni mwa mji. Saa tatu asubuhi Arlys aliwakuta kwenye ngazi za marumaru, ndani ya jengo la bunge, Wade kofia yake mkononi na uso umemng'aa. Habari ilikuwa imewafikia. Habari kule hazina miguu lakini hukimbia.

Wade alimwinamia sikioni. Alisema si kwamba anamtakia mama wa watu mabaya, Mungu amponye, lakini Stadler hayupo, na hesabu hata yeye anaijua, ingawa Mwalimu alimpa alama za chini. Kisha akacheka, na alipoona Arlys hacheki, akanyamaza.

Arlys aliwapeleka kando, kwenye benchi chini ya picha ya gavana mmoja wa zamani, akawaambia. Hakuzunguka. Alisema Orrin amemwomba jozi na yeye amekubali.

Wade aliigeuza kofia yake mikononi, mara moja, mara mbili. Akasema anaenda kutafuta kahawa. Hakurudi na kahawa.

Solveig alikuwa na miaka thelathini na miwili na macho ya baba yake, macho yasiyopepesa. "Umeshatia saini?"

"Bado. Karatasi iko kwa karani."

"Basi usitie."

"Nimemwambia ndiyo, mwanangu."

"Umemwambia kwa mdomo."

"Mdomo ndio niliokuwa nao saa hiyo."

"Na sisi ulituambia kwa mdomo gani?" Solveig alisema kwa sauti ndogo, kwa sababu Britta alikuwa hatua chache tu, akifuata mistari ya marumaru kwa ncha za viatu. "Ulikuja shuleni Novemba, ukasimama mbele ya jiko la darasani, ukawaambia wale watoto kwamba utafanya kila kilicho ndani ya uwezo wako. Nilikuwepo. Huu hapa uwezo wako, Mama. Huna haja ya kufanya kitu. Kaa kitini, bonyeza kitufe, basi."

Arlys alitaka kumweleza juu ya Gerhard, lakini Solveig alikuwepo siku ile. Alikuwa ameshika mkono mwingine wa baba yake. Alijua yote. Ndiyo maana aliangalia pembeni alipokuwa akisema. Kuna wakati mtu hujua kabisa kwamba mwenzake ana haki, na ujuzi huo ukamzidishia hasira badala ya kumpunguzia.

Kabla ya mchana kiongozi wa upande wao alimwita ofisini. Alikuwa kijana mwenye tai nzuri, na wakati Arlys anaingia bungeni yeye alikuwa bado anapanda basi la shule. Hakumgombeza. Alimpa kiti, akamwambia kwa upole kwamba anamheshimu, kwamba wote wanamheshimu, na kwamba simu za alfajiri wakati mwingine hukatika, mtu akadhani amesikia ndiyo kumbe ni mikwaruzo. Stadler mwenyewe, na mzigo alio nao, hatakumbuka.

Arlys alimjibu kwamba haikukatika.

Meza ya karani ilikuwa mbele ya ukumbi. Karatasi ilikuwa nusu ukurasa tu. Saini ya Orrin ilikuwa imefika kwa mashine ya faksi kutoka hospitali, imepinda, herufi moja imepanda juu ya nyingine. Miaka yote Orrin alikuwa na mwandiko ulionyooka kama uzio. Arlys aliitazama saini hiyo kwa muda mrefu kuliko alivyotazama maneno. Juu, kwenye roshani ya wageni, alijua kuna watu watatu wanamwangalia mkono. Wakati huo hakufikiria uungwana wala desturi, kama baadaye gazeti moja la pale lilivyokuja kumsifu katika mistari minne. Alifikiria Kvam, jiko, vile viti saba vya kimo tofauti. Alifikiria barabara. Halafu akatia saini, haraka, kama mtu anavyong'oa jino.

Kura ilipigwa saa saba. Kila seneta alibonyeza kitufe mezani, na majina yakawaka ukutani, kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa hapana. Mbele ya jina la Stadler hapakuwaka kitu. Mbele ya jina la Tveit hapakuwaka kitu. Mikono yake aliiweka mapajani, akaifumbata, maana kidole kilikuwa na miaka kumi na sita ya mazoea na aliogopa kisije kikainuka chenyewe.

Roshani ilikuwa kimya kiasi kwamba alimsikia Britta akihesabu, kama alivyofundishwa, kwanza rangi moja halafu nyingine. Alifika ishirini na nne. Akaanza upya, akafika tena ishirini na nne. Akamwambia mama yake kwa furaha kwamba zimelingana. Darasani kwao vitu vikilingana hakuna anayelia.

Spika wa Seneti alisoma matokeo kwa sauti ileile ya kila siku, akaita mswada unaofuata, ambao ulihusu chapa za ng'ombe.

Bernadine Stadler aliishi wiki tano bila kuzungumza, akafariki mwanzoni mwa Aprili. Arlys aliendesha gari kwa muda wa saa nne kwenda mazikoni, na pembeni yake, kitini, amefunga mkanda bakuli la viazi na jibini lililofunikwa kwa karatasi ya kung'aa. Huko haendi mtu msibani mikono mitupu. Baada ya ibada watu waliteremka chini ya kanisa kula mikate ya nyama na kunywa kahawa nyepesi kutoka kwenye birika kubwa, na wanaume walisimama ukutani wakizungumza juu ya mvua, kwa sababu juu ya mambo mengine walikuwa hawawezi.

Orrin alimfuata pale alipokuwa akiosha vyombo na akina mama. Suti ilikuwa imemzidi. Hakunyoosha mkono kuomba ruhusa. Alichukua taulo, akaanza kufuta vikombe alivyopewa, na kwa muda wakafanya kazi hivyo, Arlys akiosha na Orrin akifuta.

"Ulikuwa wa nne," akasema mwisho.

Arlys hakuelewa.

"Asubuhi ile. Sikutaka kukupigia wewe, kwa kuwa mswada ulikuwa wako. Niliwapigia watatu wa upande wenu kwanza. Watatu hao wote nimewahi kuwaandikia jozi, mmoja mara mbili." Alikiweka kikombe chini taratibu. "Hawakupokea. Ilikuwa alfajiri, labda walikuwa wamelala."

"Labda," Arlys akasema.

"Hata wewe ungeweza usipokee."

"Ningeweza."

Orrin aliitikia kwa kichwa, akachukua kikombe kingine. Alisema kwamba bado anaona alikuwa sahihi juu ya shule ndogo, hatamdanganya. Lakini angependelea kushindwa siku nyingine yoyote, akiwa ameketi kitini kwake, si kushinda namna ile. Arlys alisema anajua. Wakamaliza vikombe.

Njiani kurudi alijikuta akiwataja kwa majina, wale watatu. Hakuambiwa, lakini si vigumu. Alikumbuka nani alimkumbatia koridoni mbele ya watu baada ya kura, akilia kwa sauti, akisema ni msiba kwa watoto wa jimbo zima. Huyo alikuwa mmoja wao, angeweza kuapa. Simu ilimwakia huyo kando ya kitanda, akalisoma jina, akaigeuza kifudifudi. Na Arlys, akiwa peke yake na bakuli tupu, alijiuliza swali ambalo lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni: kama yeye pia angeigeuza kifudifudi, pengine wale saba wangebaki na shule yao, na nani angejua? Upepo ulilisukuma gari, naye akalirudisha barabarani, maili baada ya maili.

Shule ya Kvam ilifungwa Ijumaa ya mwisho ya Mei. Hakukuwa na hotuba. Solveig aligawa vitabu, kila mtoto achague vitano, vilivyobaki vikaingia kwenye masanduku. Wade alipanda ngazi akaishusha kengele, kisha akakwama hapo juu, hajui aipeleke wapi. Ubao wenye jina hakuung'oa. Alisema misumari ina kutu, atakuja siku nyingine, na siku nyingine haikuja. Arlys alifagia. Alipofika chini ya dirisha alikuta kalamu ya rangi imekanyagwa, akaiokota, akaitia mfukoni mwa koti, na iko humo mpaka leo.

Solveig hakumnunia. Kununa kungekuwa afadhali. Alimsalimu vizuri, alimletea mayai, alimwuliza habari za goti lake. Mazungumzo yao yalikuwa kama nyumba ambayo chumba kimoja kimefungwa kwa kitasa, kila mtu anapita mbele ya mlango asiutazame. Kazi nyingine Solveig aliipata Julai, upikaji katika nyumba ya wazee huko Garnet, upande wa kusini, kinyume kabisa na Dunmore. Zamu ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Baba yake Britta alikuwa kwenye visima vya mafuta, wiki tatu nje na moja nyumbani.

Agosti ilipokaribia kwisha Solveig alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuvua viatu. Alisema basi la Dunmore litapita kwenye njia panda saa kumi na mbili kasoro robo. Watoto wa Kvam ndio wa kwanza kupanda na ndio watakuwa wa mwisho kushuka. Alisema yeye saa hiyo atakuwa njiani.

"Unaweza kumpeleka, Mama?"

"Naweza."

Solveig aliangalia fremu ya mlango. "Usiseme naweza kama—" Akaacha. "Najua utakwenda," akasema. "Ukishasema, unakwenda. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote."

Arlys hakujua kama lile lilikuwa jiwe au mkate. Pengine binti yake naye hakujua. Lakini alipogeuka kuondoka Solveig alimshika mama yake kiwiko, akakibana kidogo, kama mtu anayejaribu kitasa kuona kama bado kimefungwa.

Asubuhi ya kwanza ya basi Arlys alifika mapema nyumbani kwa Solveig. Britta alikuwa ameketi mezani na koti lake jipya, begi mgongoni tayari, akila uji wa shayiri na usingizi umemjaa kope. Waliteremka kwa miguu mpaka njia panda, nusu maili ya vumbi. Mbingu upande wa mashariki ilikuwa na mstari mwembamba wa kijivu, na kila kitu kingine bado kilikuwa cha usiku: nyasi, nguzo za uzio, jengo dogo la shule upande wa pili wa barabara, madirisha yake meusi. Walisimama wakilitazama hilo kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama.

Britta alisoma. Tangu ajue kusoma alikuwa hapiti kitu bila kukisoma. Alisoma sanduku la barua, alisoma kibao cha mwendo, alisoma jina lililoshonwa kwenye begi lake. Arlys alimshika mkono. Ulikuwa wa moto na unanata sukari. Alitaka kumwambia kitu, yeye aliyesimama na kusema mbele ya watu miaka kumi na sita. Akamfunga kifungo cha juu cha koti. Akakifungua tena, kilikuwa kinambana.

Taa zilionekana mbali, zikashuka bondeni zikapotea, zikapanda tena kubwa zaidi. Watoto watatu wa Wade walikuja wakikimbia kutoka upande wao, vumbi nyuma yao. Basi la manjano lilifika, likapunguza mwendo, likasimama mbele yao likinguruma. Mlango ukafunguka. Watoto wa Wade walipanda. Dereva, mama mnene mwenye kofia ya sufu, alimkaribisha Britta kwa jina.

Britta hakusogea. Alikuwa ameinua uso, akifuata herufi nyeusi ubavuni mwa basi kwa kidole, moja baada ya nyingine, tangu mwanzo mpaka mwisho, kama alivyofundishwa. Kisha akarudi mwanzo, akahakikisha.

"Bibi," akasema, "hapa hapajaandikwa Kvam."